Bati la Samli

Kabla ya kuniuliza bei, lala chini.
Tandika katoni, washa tochi, ingia.
Juu, kila gari ni bibi harusi;
ugonjwa uko uvunguni.

Ndivyo ninavyowaambia wote hapa Al-Ashkhara,
mji ambao hata kitasa cha msikiti
hakimalizi mwaka wa pili.
Upepo wa hapa hauvumi, unalamba,
na ulimi wake ni chumvi.

Pikapu ya marehemu Mhenna ililetwa Jumatatu
ikivutwa kwa kamba: Datsun ya themanini na mbili,
rangi ya maziwa yaliyoungua.
Miaka thelathini imeingia majini kinyumenyume
kuvuta mashua za watu hadi mchangani,
na Alhamisi ikabeba mbuzi kwenda soko la Sinaw.
Watu hulaumu bahari.
Mkojo wa mbuzi hula bati kwa siri zaidi.

Binti yake, Ghaniya, alisimama nje ya mlango
akasema kwa Kiswahili cha jikoni kwao:
"Nataka iende. Sitaki ing'ae."

Tukaanza, mimi na Shambe,
Mbaluchi wa miaka kumi na saba, mdomo wa sabini.
Nati tulizilowesha dizeli usiku kucha;
zilizokubali zikalia kidogo,
zilizokataa tukazikata vichwa.
Brashi ya waya, tindo, msasa.
Kutu kwenye kope, kutu kwenye chai.
Chesisi ilikuwa hai bado. Niliigonga nyundo
mahali kumi na mbili, ikajibu nga, nga.
Nikagonga sakafu, chini ya miguu ya dereva.
Ikasema: pu.

Puti. Chini ya puti, rangi. Chini ya rangi,
bati, na kwenye bati ng'ombe wa kijani
anatabasamu: kopo la samli
lililokatwa, likanyooshwa, likapigwa ribiti saba,
ya saba imekwenda upande.

Shambe akacheka. "Mshenzi gani huyu?"

Mkono unaokwenda upande naujua.
Mkesha wa Idi, nina miaka ishirini na moja,
gereji si yangu, foleni ya magari imefika dukani,
Mhenna ameketi juu ya tairi, anasubiri kwa adabu,
na mimi nawaza kanzu ambayo sijainunua.
Sikukwangua. Sikupaka dawa.
Nilifunika. Nikapokea riali nne
na kilo ya tende juu yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema kwamba kuna kuziba
kunakoufuga ufa, kunakoulisha gizani:
maji yanaingia, hayaoni pa kutokea,
na mtu anakanyaga hapohapo kila siku
huku akimwombea fundi wake dua.

"Mshenzi," nilimwambia Shambe, "ndiye anayekulipa."
Akanyamaza, akashika taa.

Siku tatu. Tulikata mpaka tukakuta chuma cheupe,
maana kutu haina nusu;
ukiiachia ukucha itarudi na mkono.
Bati jipya, tukalehemu juu na chini,
rangi ya kwanza, lami,
oili chafu ndani ya mifupa kwa bomba la sindano,
na vile vitundu viwili vya kutolea maji
ambavyo kiwanda kiliviweka, nami nikaviziba,
nikavizibua.

Alipokuja nilimpa tochi na katoni.
Alijilaza bila kusita, akaingia,
nami nikabaki nazungumza na viatu vyake.
Nikasema yote. Riali nne. Kanzu.

Kimya. Kisha sauti kutoka uvunguni:
"Baba alijua. Kila nikipanda mbele alisema,
usitie kisigino hapo, pana ng'ombe."

Sakafu nilikataa malipo; nyingine alilipa.
Nikamwambia, kila ukitoka pwani
osha kwa maji matamu, na uoshe chini,
juu patajiosha penyewe siku mvua ikikumbuka.
Bati la samli aliliomba.
Nilitaka kulisugua kwanza. "Liache," akasema,
na likaondoka hivyohivyo na kutu yake
ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye kiti cha abiria.